Masanga: Gitaa la Kijana wa Bunkeya

Ukitaja muziki wa Kongo mbele ya mpenzi wa dansi, atakupeleka moja kwa moja Kinshasa. Atakutajia Wendo Kolosoy na "Marie-Louise" yake ya mwaka 1948, atakutajia Grand Kallé na Franco, atakumbuka studio za Wagiriki waliouza santuri za rumba enzi ya Léopoldville, na siku hizi ataongeza kwamba Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa ubinadamu. Hakuna la kubisha hapo. Lakini simulizi hiyo inaiacha nje Kongo nyingine nzima, ile ya kusini-mashariki, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, ambako watu waliimba Kiswahili badala ya Kilingala na ambako mtu mmoja na gitaa kavu, lisilo la umeme, alitosha kusimamisha watu barabarani.

Kongo hiyo ni ukanda wa shaba: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na vijiji vilivyotoa watu wa kuchimba. Wimbo wake uliosafiri mbali kuliko yote unaitwa "Masanga". Aliyeupiga alikuwa kijana wa miaka kama 22, hakuwa na bendi, hakuwa na kampuni nyuma yake, na aliupiga katika mji ambao haukuwa na studio. Wapigaji gitaa wa mabara matatu wamehangaika nao kwa zaidi ya miaka sabini, wengi wao bila kujua mahali Bunkeya ilipo kwenye ramani.

Bunkeya ipo mkoani Lualaba, katika wilaya ya Lubudi, ingawa mkoa wenyewe ni mpya, umezaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, na Kolwezi ikafanywa makao makuu yake. Kwa msomaji wa Tanzania, Bunkeya si mahali pa mbali kama inavyodhaniwa. Katikati ya karne ya 19 alifika huko mfanyabiashara kutoka nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Unyamwezi, akifuata shaba na pembe kwa njia aliyokuwa ameizoea baba yake. Huyo ndiye Msiri. Alitawala ufalme wa Garanganze, akajenga mji wake Bunkeya, na watu wake wakajulikana kama Bayeke. Misafara kutoka pwani ilifika huko kununua shaba, pembe na watumwa, na Kiswahili kikafika pamoja nayo. Desemba 20, 1891, Msiri aliuawa na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliokuwa umetumwa kumtwalia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi hiyo, msafara uliotokea Zanzibar na wapagazi wa Kizanzibari. Bodson naye alipigwa risasi hapohapo, akafa.

Jina la ukoo wa kifalme wa Bayeke ni Mwenda. Mwaka 1930 alizaliwa Bunkeya mtoto aliyepewa jina hilo, na wamisionari wakampa la ubatizo: Jean-Bosco.

Alikulia katika nchi iliyokuwa imebadilishwa kabisa na madini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kuanzia hapo mambo ya Katanga yalielekea Rhodesia na Afrika Kusini kuliko yalivyoelekea mto Kongo. Bidhaa zilipanda kwa reli hiyo: mashine, nguo, unga, gramafoni, na magitaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kuchukua vibarua wa miezi michache ikaanza kuwapa wafanyakazi mikataba mirefu na kuwaruhusu kuja na wake zao. Yakaota makambi ya kampuni yenye nyumba za safu, shule za wamisionari, zahanati na mgao wa chakula. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda, Luapula, nchi ya Waluba na ya Walunda, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili, hicho cha Katanga ambacho mtu wa Tanga akikisikia hukunja uso kidogo kabla hajaanza kuelewa.

Nisiyapambe makambi hayo. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma wakidai mishahara, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville na watu wengi wakafa. Mwenda alikuwa mtoto wa miaka 11. Karibu na Jadotville, mji alikoishi baadaye na ambao leo ni Likasi, ulikuwapo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Ni katika mji wa namna hiyo, wenye tanuru na vumbi na ulinzi, ambapo vijana waliomaliza kazi jioni waliketi barazani wakigombea gitaa moja.

Gitaa lilikuwa chombo cha kijana wa mjini. Halikuhitaji ukoo, halikuhitaji ruhusa ya wazee kama ngoma za kifalme, na mtu mwenye mshahara wa karani au wa mgodini aliweza kulinunua. Mifano ya kuiga ilikuwapo tele: santuri za Marekani za Jimmie Rodgers, sinema za kauboi zilizoonyeshwa makambini, nyimbo za kanisani, na midundo ya likembe ambayo vidole vya watu vilikuwa tayari vimeizoea. Asiyekuwa na kapo ya dukani, kibano cha nyuzi, alifunga penseli kwa uzi kwenye shingo ya gitaa. Asiyekuwa na mpiga ngoma alimpa rafiki yake chupa tupu aigonge kwa msumari. Huko Marekani na Uingereza, miaka michache baadaye, vijana wangejifungia kwenye banda la kuegeshea gari la baba yao na kujifundisha nyimbo tatu kwa kelele mpaka majirani wachoke. Katanga haikuwa na banda wala gari la baba, kwa hiyo mazoezi yalifanyikia njiani, mbele ya kila mtu, na mpigaji mbovu aliambiwa hapohapo.

Ndivyo Hugh Tracey alivyomkuta Mwenda mwaka 1952 mjini Jadotville.

Tracey alikuwa Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika tangu ujana wake, na alikuwa ametumia miaka mingi akizunguka na mitambo ya kurekodi kutoka nchi moja hadi nyingine. Picha zake nyingi zinamwonyesha ameinama, kipaza sauti ameshika mkononi mwenyewe, akikisogeza karibu na mwimbaji kisha karibu na chombo. Alikuwa mtu wa ngoma za asili. Alihofia kwamba gitaa na muziki wa mijini vingezika marimba, zeze na malimba aliyoyapenda, na aliandika hivyo mara nyingi. Ndiyo maana inanigusa kwamba kijana wa gitaa ndiye aliyemfanya asimame. Alimrekodi, na mwaka huohuo "Masanga" ikapewa nafasi ya kwanza ya tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa rekodi bora ya muziki wa Kiafrika ya mwaka.

Isikilize mwenyewe, maana nakala za rekodi ile hazijapotea. Hakuna ngoma. Kuna gitaa moja la nyuzi sita, nalo limerekodiwa kwa karibu kiasi cha kusikia ukucha ukigusa waya. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kwa utulivu, likijibu na kuuliza. Kidole cha shahada kinadonoa nyuzi nyembamba kwa mwendo mwingine kabisa, na hapo ndipo kazi ilipo: sauti hizo mbili hazianzi pamoja wala hazimalizi pamoja. Ukijaribu kupiga mguu chini kufuata besi, sauti ya juu inakuvuta kwingine. Ukiifuata ya juu, besi inakuacha. Mzunguko ni mfupi, unarudi tena na tena, lakini kila unaporudi kuna noti imeongezwa, nyingine imecheleweshwa, nyingine imerukwa kabisa na sikio lako ndilo linaloijaza. Mtu asiyejua angeapa kwamba wapigaji ni wawili.

Pamoja na "Masanga" zilirekodiwa nyingine, "Bombalaka" ikiwamo. Nazipenda. Lakini "Masanga" ina kitu ambacho hata Mwenda mwenyewe hakukirudia kwa urahisi, na nadhani ni ile hali ya kijana anayepiga mbele ya mgeni mwenye mashine, akitaka kuonyesha kila anachojua ndani ya dakika tatu za santuri.

Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitoa santuri hiyo kwa chapa ya Gallotone, na hapa inafaa nisimame kidogo. Gallo haikuuza santuri tu, iliuza pia magitaa ya bei nafuu yenye jina hilohilo la Gallotone. Moja lao, aina ya Champion, lilifika Uingereza likaangukia mikononi mwa mvulana wa Liverpool aliyekuwa na bendi ya shule iitwayo The Quarrymen. Mvulana huyo ni John Lennon, na ndilo gitaa alilolipiga mwaka 1957 katika sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney. Sisemi kwamba Lennon alimsikia Mwenda. Nasema kwamba biashara ileile ya Afrika Kusini iliyompa kijana wa Kiingereza mbao na nyuzi ilimchukua kijana wa Katanga wimbo wake ikauuza, na kwamba vitabu vya historia ya muziki wa vijana vinalijua gitaa la Lennon kwa undani kuliko vinavyoujua wimbo wa Mwenda.

Santuri ya Gallotone ilienea kwa njia ya reli na ya wafanyakazi waliokwenda na kurudi: Katanga, Rhodesia Kaskazini, Nyasaland, Tanganyika. Kisha Decca ikatoa nyimbo hizo katika mfululizo wa Tracey wa muziki wa Afrika, na zikafika maduka ya Ulaya na Marekani. Mwenda akawa anajulikana na watu ambao hakuwahi kuwaona. Katika mji wake aliendelea na kazi za kawaida.

Nairobi ndiyo iliyomwita kwanza. Mji ule ulikuwa na mtu aitwaye Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo, aliyeelewa mapema kuliko wengine kwamba Mwafrika wa mjini ni mnunuzi na kwamba wimbo wa Kiswahili unauza kitu chochote. Binamu yake Mwenda, Edouard Masengo, alikuwa tayari ametamba huko akiimba na kuigiza, na sauti yake ilihusishwa na Coca-Cola. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda naye alifika, akapewa kipindi redioni na kutangaza vidonge vya Aspro. Wapo watakaosikitika kwamba fundi wa aina yake aliishia kuuza dawa ya kichwa. Mimi sioni hasara. Redio ilimfikisha kila mahali palipokuwa na betri, kila wiki, na vijana wa magharibi ya Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa wakapata mwalimu wasiyemlipa.

Matokeo yake yanasikika wazi. Sikiliza gitaa la John Mwale, kisha rudi kwa Mwenda, na utaona gumba na kidole cha shahada vikifanya kazi ileile. Hata George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 na ambaye mtindo wake ulikuwa na mizizi yake nyumbani, alipiga katika nchi ambayo masikio yake yalikuwa yamefunguliwa na Wakatanga. Wakenya waliongeza haraka yao na mitindo ya makabila yao, wakaweka chupa ya Fanta mahali pa chupa ya bia, na miaka ya 1960 ikawa na kundi zima la wapigaji wa gitaa kavu ambao hawangepatikana kwa sura ile bila santuri kutoka Jadotville.

Wakati huohuo, London, mhadhiri wa chuo cha SOAS aitwaye David Rycroft alikuwa amekaa na santuri hiyo akiandika kila noti kwa mkono. Makala zake mbili kuhusu ubunifu wa Mwenda zilitoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Kwa wakati ule, msomi kumchambua mpiga gitaa wa mtaani wa Kiafrika kwa uangalifu uleule unaopewa watunzi wa Ulaya lilikuwa jambo geni. Alichokikuta kinalingana na kile sikio linachohisi: mzunguko mmoja, mabadiliko yasiyokwisha, na mapigo yanayopishana kwa makusudi.

Nyumbani mambo yalikuwa yamechafuka. Julai 11, 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Katanga ilitangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe, na waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, yaani mtu wa Bunkeya kama Mwenda. Vita hiyo iliisha Januari 1963. Mwaka 1966 miji ikabadilishwa majina, Jadotville ikawa Likasi na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, na ndiyo iliyozaa Gécamines. Mwaka 1971 Katanga yenyewe ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Jean-Bosco akabaki Mwenda wa Bayeke, jina lililoandikwa pia kwenye santuri zake za baadaye.

Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 1969, alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, tamasha lilelile ambalo miaka minne kabla yake Bob Dylan alizomewa kwa kuleta gitaa la umeme. Mwaka huohuo, sauti nyingine ya Katanga ilikuwa kwenye chati za Uingereza: "Sanctus" ya misa iitwayo Missa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 na kwaya ya wavulana na walimu wao kutoka Kamina chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, na iliyofufuliwa na filamu "if...." ya Lindsay Anderson. Filamu hiyo inahusu vijana wa shule wanaoasi, na mwasi mkuu wao anaiweka santuri hiyo tena na tena. Wavulana wa Kamina wakawa sauti ya uasi wa wavulana wa Kiingereza! Kwa mwaka mmoja, basi, eneo hili la migodi lilikuwa na watu wake kwenye jukwaa kuu la muziki wa gitaa kavu Marekani na kwenye redio za Uingereza. Sijawahi kukutana na kitabu cha shule kinachowafundisha hayo watoto wa Kolwezi.

Kwa nini basi wimbo huu haukushika nafasi katika historia ya nchi yake? Jibu langu ni mahali na pesa. Léopoldville ilikuwa na kampuni za kurekodi, Ngoma, Opika, Loningisa, zilizorekodi wiki hadi wiki, na redio yenye nguvu. Katanga ilimtegemea mtu aliyepita na gari lake na kuondoka na kanda. Kilichorekodiwa kilihifadhiwa kusini, kikauzwa kusini, kikachambuliwa London. Kisha magitaa ya umeme yakaja, bendi zikawa za watu kumi na tano, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi ya Mobutu, ikawa na mji mkuu mmoja wa muziki. Mpiga gitaa kavu aliyeimba Kiswahili alionekana mtu wa zamani akiwa bado na miaka 40. Wenzake wa Lubumbashi, kama Losta Abelo, walipata hali hiyohiyo.

Mwenda hakulala njaa. Alifanya kazi benki, alifanya kazi katika kampuni ya migodi, alisimamia bendi za wengine, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mwenyewe mpiga gitaa, alifunga safari hadi Lubumbashi kuwatafuta wale aliowajua kwa santuri tu: Mwenda, Masengo, Losta Abelo. Haukuwa wakati mzuri wa kuzuru. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Mei 1978, wapiganaji wa Kikatanga walipoingia Kolwezi wakitokea Angola, mji ukajaa maiti, na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashushwa. Low aliwapata wazee wake, akaketi nao, akajifunza kwa kutazama vidole vyao, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari hiyo. Wengi waliojifunza "Masanga" Ulaya baadaye walianzia kwake.

Mwaka 1988 Mwenda alirekodi Cape Town albamu kamili ya studio, akiwa na miaka 58. Vidole vilikuwa bado vizuri. Albamu ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, lakini yeye hakuiona. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Mwezi huohuo, Kolwezi, sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka, mgodi uliokuwa moyo wa Gécamines, na uzalishaji wa shaba wa nchi nzima ukaanguka baada ya hapo.

Shaba haitambui mpaka. Tabaka la mawe lenye madini linapinda kutoka Kolwezi kupita Likasi na Lubumbashi hadi Kitwe na Ndola, na upande wa Zambia nao ulikuwa na vijana wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walinunua magitaa ya umeme, wakaweka vifaa vya kukwaruza sauti, na wakapiga roki kama walivyoisikia kwenye santuri za Jimi Hendrix na James Brown. Bendi ya WITCH ya Kitwe, iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda aliyejiita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger, ilitoa "Introduction" mwaka 1972, albamu inayotajwa kuwa ya kwanza ya kibiashara kutoka Zambia, kisha "Lazy Bones!!" mwaka 1975. Wakati huohuo Rikki Ililonga na bendi ya Musi-O-Tunya walikuwa wakirekodi Nairobi. Muziki huo uliitwa Zamrock, na uliinuka na bei ya shaba ukaanguka nayo. UKIMWI ukaja ukachukua karibu wanabendi wote wa WITCH. Jagari alikuwa ameshaondoka, akawa mwalimu, baadaye akachimba vito. Miaka 40 baada ya albamu ile, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walizitafuta santuri hizo kwa bei kubwa, kampuni ya Now-Again ikazitoa upya, na Jagari akarudi jukwaani akiwa na umri wa mzee.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, ya Mwenda na ya WITCH, unaona jambo moja likijirudia. Vijana wa migodini wanatunga kitu wasichofundishwa na mtu. Dunia ya nje inakigundua, mara moja kwa moja, mara baada ya nusu karne. Faida na kumbukumbu vinakaa huko nje. Ni mwendo uleule wa shaba yenyewe, na leo wa kobalti, ambayo dunia inaipata kwa sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga, na ambayo inatoka kwa malori kupitia Kasumbalesa na kurudi ikiwa ndani ya simu.

Lakini vijana hawajaacha. Katika mitaa ya ukanda huu kuna kitu kiitwacho karindula. Chukua pipa la mafuta, lifunike ngozi ya mbuzi, lichomekee shingo ndefu ya mti, ulitie nyuzi nne, na utapata banjo kubwa kuliko mpigaji wake. Linatoa besi nzito inayokwaruza, na linapigwa pamoja na vingine vidogo vya aina hiyohiyo, na mapipa na vibao vya kugonga. Nyimbo zake ni ndefu kupindukia. Waimbaji wanadhihaki, wanaonya, wanasifu, wanaruka sarakasi, na watu wanatunza pesa. Hupigwa matangani na katika sherehe, nje, kwenye udongo. Mwaka 2011 mtayarishaji Vincent Kenis alitoa kupitia kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, mkusanyiko wa bendi nne za Lubumbashi, BBK, Bana Simba, Bena Ngoma na Bana Lupemba, pamoja na picha za video. Kama kuna muziki duniani unaostahili kuitwa roki ya vijana wasio na kitu, ni huu. Umetengenezwa na vyuma vilivyotupwa na uchumi wa migodi.

Na kwa mara nyingine, aliyeurekodi alikuwa mgeni, na santuri ilitoka Ubelgiji.

Kuna mfano mmoja ulio karibu nasi unaoonyesha kwamba mwendo huu unaweza kugeuzwa. Mwaka 1950 Tracey huyohuyo alirekodi Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliozaliwa na santuri za Jimmie Rodgers zilizofika kijijini kwao. Kanda zake zote zimo katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, International Library of African Music, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda, Afrika Kusini. Miaka ya karibuni maktaba hiyo ilizirudisha nakala Kapkatet, ikawakabidhi wenyewe na kuwatafuta waliokuwa bado hai miongoni mwa waliorekodiwa.

Kanda za Katanga za mwaka 1952 zimo katika jengo hilohilo. Mkoa wa Lualaba una serikali yake sasa, una mapato makubwa ya madini kuliko mikoa mingi ya Kongo, na una Bunkeya ndani ya mipaka yake. Nakala za sauti hazina uzito wa madini, zinaingia katika diski inayotosha mfukoni. Ziletwe Bunkeya kwanza, kwa Bayeke. Kisha zipelekwe redio za Kolwezi, na shule za muziki kama zipo, na kama hazipo basi kwa wale vijana wa karindula wenye pipa na ngozi ya mbuzi, wasikie jinsi gumba na kidole cha shahada vilivyokuwa vikifanya kazi katika mji wa jirani, miaka sabini iliyopita, kwa lugha yao wenyewe.